Betri ya moyo na kifaa cha presha: vinaweza kukaa mwili mmoja?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu yuko Chamwino, aliwekewa betri ya moyo (pacemaker) Dar es Salaam, pale JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Anameza dawa nne za presha na bado haishuki. Binamu yangu aliyeko Ujerumani anasema huko kuna kifaa cha presha kinachopandikizwa mwilini. Hakitaharibu betri yake?

Jibu: Marahaba. Yaelekea anazungumzia Barostim. Hakipimi presha, kinaishusha. Kiboksi chake hukaa chini ya ngozi ya kifua, waya ukapanda hadi kwenye mshipa mkubwa wa shingo, penye vihisi vya presha. Umeme mdogo ukivichokoza, ubongo hudhani presha imepanda, hivyo huilegeza mishipa na kuupunguza moyo kasi. Ulaya kiliruhusiwa kwa presha sugu mwaka 2011. Marekani walikiruhusu 2019, ila kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri.

Kuwa na betri ya moyo peke yake hakumzuii mtu kuwekewa. Shida ni masikio ya hiyo betri. Kabla ya kutoa umeme husikiliza: moyo ukipiga wenyewe, yenyewe hunyamaza. Sasa umeme wa kifaa cha shingo ukiifikia, inaweza kuudhania mapigo ya moyo, ikanyamaza wakati mama anaihitaji. Hapo ni kizunguzungu, hata kuzimia. Wenye kifaa cha kushtua moyo wanaweza kupigwa shoti bila sababu.

Kwa hiyo, betri ikiwa kushoto, kiboksi cha presha kwa kawaida huwekwa kulia. Halafu vyote viwili huwashwa pamoja, umeme wa kile cha presha ukipandishwa, huku mtaalamu akitazama kwenye kompyuta betri inasikia nini. Mipangilio ikibadilishwa, kipimo kirudiwe.

Niseme ukweli: mama akae Chamwino na wa kumrekebishia kifaa awe Ujerumani? Mimi nisingekimbilia huko. Ningeanza na maswali ya nyumbani. Dawa zote nne anazimeza kila siku, au anaruka akijisikia vizuri? Chumvi je? Na magoti yakiuma, ananunua diclofenac duka la dawa? Hiyo hupandisha presha, na wengi hawaisemi wakienda kliniki kwa kuwa "si dawa ya presha".

Swali: Na kile kipima presha cha kufunga mkononi?

Jibu: Apime tu, hakigusi betri. Mapigo yakiwa hayana mpangilio mashine inaweza kukosea, basi apime mara mbili tatu.

Swali: Akipanda treni ya SGR kwenda kliniki, ule mlango wa ukaguzi?

Jibu: Aoneshe kadi ya betri, apite bila kusimama katikati. Mimi huhofia zaidi simu: wamama huibana kifuani, juu ya betri kabisa. Iwe mbali sentimita 15 au zaidi, na akipiga, atumie sikio la upande usio na betri.