Sukari kushuka baada ya operesheni ya kupunguza tumbo: tunayoambiana hapa Tanga na ukweli wenyewe

Dada yangu mkubwa alifanyiwa baipasi ya tumbo India, huu mwaka wa tatu sasa, mwili umepungua na magoti yametulia alhamdulillah. Ila toka mwaka jana alianza vituko ambavyo hatukuvielewa, anakunywa chai yake saa mbili asubuhi na mahamri matatu, ikikaribia saa nne yuko dukani kwake Ngamiani mikono inatetemeka, jasho la baridi, macho yanaona ukungu, anapima kitambaa mita mbili anakata tatu. Kwenye zahanati moja wakamwambia malaria, akameza dawa, haikusaidia kitu. Siku tuliyopata mashine ya kupima sukari ya kidole ikasoma 2.7 (kwa kipimo cha mmol/L), na chini ya 3.9 tu ndo hesabu ya sukari kushuka, ikifika chini ya 3.0 hapo ni hatari kabisa. Toka siku hiyo nimesikia maneno mengi, mengine kutoka kwa watu wanaotupenda kwelikweli, na mengi sio sahihi, ndo maana naandika.

"Sukari imeshuka kwa sababu hali vya kutosha, mpeni kitu kitamu ale ashibe"

Hili ndo limetuumiza kuliko yote. Siku ile shangazi alikimbia kuleta juisi ya miwa glasi kubwa, dada akainywa yote, dakika kumi akawa mzima anaongea, tukashukuru Mungu. Saa tano na nusu akaanguka tena kwenye kiti, vilevile.

Ukweli ni kwamba hii sukari haishuki kwa njaa, inashushwa na chakula alichokula. Ukifanyiwa baipasi, tumbo linabaki kamfuko kadogo na kameunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ile njia ya kawaida inayoachia chakula kidogo kidogo imerukwa. Kwa hiyo mahamri na chai ya sukari vinaingia kwenye utumbo kwa kasi, sukari inapanda juu ghafla kwenye damu, homoni za utumbo zinaisukuma kongosho itoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, nyingi kupita kiasi, na ile insulini inaendelea kufanya kazi wakati sukari yenyewe imeshakwisha. Saa moja hadi tatu baada ya kula ndo unaporomoka. Juisi ya miwa ya shangazi ilirudia mzunguko uleule toka mwanzo.

Sasa ikishashuka ni kweli unahitaji sukari, ila kwa kipimo, kama gramu 15 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu kikombe cha soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari). Unasubiri dakika 15 unapima tena, ikipanda hapohapo unakula kitu cha protini, yai la kuchemsha, karanga kiganja kimoja, mtindi usio na sukari, ili isianguke tena. Na kama mtu amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni jamani, atapaliwa, mlazeni ubavu na mumpeleke hospitali haraka.

"Hiyo ni ya miezi ya mwanzo, ukivuka mwaka umepona"

Hapana. Ile ya mwanzo ambayo watu wengi wanaijua, ya kuharisha, moyo kwenda mbio na tumbo kukata dakika 10 hadi 30 baada ya kula, ni kitu kingine. Hii ya sukari kushuka mara nyingi inaanza mwaka mmoja au zaidi baada ya operesheni, wakati mtu ameshajiachia na amerudia kula kama zamani. Na waliofanyiwa slivu, ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo libaki kama mrija, nao inawapata, ingawa wa baipasi ndo zaidi.

"Madafu, asali, uji wa mtama, hivyo ni vya asili havina neno"

Utumbo hauulizi sukari imetoka mnazini au dukani. Tena cha kunywa ndo kibaya zaidi kwa sababu kinapita haraka kuliko cha kutafuna. Machungwa ya Muheza tunayapenda wote, ila ukikamua manne kwenye glasi ni habari nyingine na chungwa moja ukalila na nyama zake, pamoja na korosho au karanga pembeni.

"Basi aache wanga kabisa"

Huyo atachoka na mwisho atavunja masharti. Wanaoshughulika na tatizo hili wanashauri wanga usizidi kama gramu 30 kwa mlo na 15 kwa kitafunio. Kwa macho ya jikoni kwetu, wali ni kama theluthi mbili za kikombe ukishapikwa, chapati moja ya kushiba inaweza kuzidi peke yake. Dada sasa anaanza na samaki, halafu mchicha au bamia, wali unakuja mwisho na mdogo, anakula polepole kama dakika 20 na anakula kidogo kila baada ya saa tatu nne. Asubuhi ni mbaazi za nazi kibakuli kidogo na yai, mahamri hayapo au ni nusu. Maji anakunywa nusu saa baada ya kula, sio juu ya chakula, kwa sababu yanakisukuma kishuke haraka.

Na pombe akae nayo mbali, inashusha sukari.

"Kwenye Ramadhani shida ni kufunga"

Kwa dada yangu saumu yenyewe haikuwa na shida, shida ilikuwa futari, tende nne, uji wa sukari, kaimati na tambi kwa mkupuo, akija kuswali tarawehe miguu haimbebi. Tende moja, maji, halafu supu ya samaki kwanza, ikatulia. Ila asifunge mtu bila kuongea na daktari wake, na sukari ikishuka ukiwa hujala kabisa, usiku au alfajiri, hiyo sio aina hii, inatakiwa uchunguzi mwingine. Vilevile kama ulikuwa na kisukari na bado unameza vidonge vyako vya zamani au unachoma insulini, sema, maana yawezekana dawa ndo inashusha.

Kingine cha kumwambia daktari, kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi hakifai kwa mtu wa baipasi, kinaweza kumwangusha vibaya na kinaonyesha kushuka hata kwa ambao hawana tatizo. Bora uandike daftari, umekula nini saa ngapi, mashine imesoma ngapi. Chakula kikishindwa kipo kidonge cha akabosi, kinachelewesha wanga kusagwa, ila ukikitumia sukari ya mezani haikuokoi haraka, lazima uwe na glukosi yenyewe ya unga. Dada anayo paketi kwenye pochi, na akijisikia ukungu machoni hapandi pikipiki yake mpaka apime.