Leseni si lisansi: namna mtu anavyokuwa mwalimu wa elimu maalumu Marekani

Kijana mmoja anayefundisha shule ya msingi hapa Goma, upande wa Katindo, aliniletea fomu aliyoitoa kwa watu wa fotokopi. Ilikuwa fomu ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, kwa masomo ya ualimu wa elimu maalumu, yaani elimu ya watoto wenye ulemavu, na alitaka nimkagulie Kiingereza chake kabla hajaituma. Palipoulizwa kama ana leseni ya kufundisha, alikuwa amekwisha kujibu ndiyo, kwa kuwa alisoma miaka 5 akapata lisansi yake ya saikolojia na elimu. Palipotakiwa achague ngazi ya masomo anayoomba, neno "graduate" alilikwepa kabisa, akanieleza kwa utulivu kwamba gradua alikwisha kuimaliza zamani na hana haja ya kuirudia. Hakuwa amedanganya popote, na hata hivyo majibu yote mawili yalikuwa na kosa.

Kosa hilo si lake peke yake. Sisi tuliosoma katika mfumo tulioachiwa na Wabelgiji tuna maneno mawili yanayofanana sana na ya Wamarekani kwa sura, lakini hayafanani kwa maana. Katika mfumo wetu wa zamani, mtu alisoma miaka 3 akawa gradué, kisha akaongeza miaka 2 akapata lisansi. Katika mfumo mpya wa LMD, yaani lisansi, master na doktora, lisansi yenyewe imekuwa ya miaka 3 na krediti 180, na juu yake inafuata master ya krediti 120. Kwa hiyo hata humu mwetu watu wawili wanaweza kusema "nina lisansi" huku mmoja amemzidi mwenzake miaka 2 ya masomo. Wamarekani nao huanza na shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4, na neno "graduate" hulitumia kwa masomo yote yanayokuja baada ya shahada hiyo, yaani uzamili na udaktari. Kwetu gradué yuko chini ya mwenye lisansi; kwao masomo ya "graduate" yako juu ya shahada ya kwanza.

Leseni, kwa upande wake, si shahada hata kidogo. Ni ruhusa ya kufanya kazi, na mtoaji wake ni serikali ya jimbo. Chuo hufundisha, husahihisha mitihani na hutoa shahada, kisha hupeleka taarifa kwamba mtu huyu amekamilisha mafunzo yanayotakiwa. Serikali ya jimbo ndiyo inayoamua kama atakabidhiwa watoto. Ni kama permi ya kuendesha gari: anayekufundisha kushika usukani ni mmoja, na anayekuruhusu kuingia barabarani ni mwingine. Ukitafuta kwetu kitu kinachokaribiana na leseni hiyo, utafikiria namba ya matrikile, kwa sababu nayo hutoka serikalini na nayo husubiriwa kwa miaka. Lakini matrikile ni jambo la malipo. Inasema kwamba Serikali inamtambua mwalimu na inapaswa kumlipa, ila haisemi lolote kuhusu ni watoto gani aliandaliwa kuwafundisha. Kinachompa mwalimu wetu haki ya kusimama mbele ya ubao ni diploma yake, iwe D6, yaani diploma ya kumaliza sekondari, ya sehemu ya pedagojia, au shahada ya ISP, chuo cha juu cha ualimu.

Sababu ya Marekani kuitenga leseni ya elimu maalumu na leseni nyingine za ualimu iko katika sheria. Mwaka 1970, shule za nchi ile zilikuwa zinamsomesha mtoto 1 tu kati ya watoto 5 wenye ulemavu, na majimbo mengi yalikuwa na sheria zilizowafungia milango baadhi yao, wakiwemo viziwi na vipofu. Wazazi walikwenda mahakamani, wakashinda katika kesi kadhaa, na tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria iliyomhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya bure inayomfaa. Sheria hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1990 ikaitwa IDEA, ikarekebishwa tena mwaka 2004. Inawahusu watoto na vijana wa miaka 3 hadi 21, nayo inataja aina 13 za ulemavu, kuanzia uziwi, upofu na usonji hadi ugumu mahususi wa kujifunza, ambao ndio wenye watoto wengi kuliko aina nyingine zote. Mara mtoto alipopewa haki ya kudai elimu inayomfaa, swali lililofuata lilikuwa ni nani anaaminika kuitoa. Sheria ilijibu kwamba mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya umma awe na shahada ya kwanza kwa uchache na leseni kamili ya jimbo, na kwamba masharti hayo yasilegezwe kwa kisingizio cha dharura. Mlango mmoja uliachwa wazi: aliye katika njia mbadala ya mafunzo anaweza kufundisha huku akisoma, chini ya uangalizi, kwa muda usiozidi miaka 3.

Ili kuona mafunzo hayo yanamwandaa mtu kwa kazi gani, tumchukue mtoto wa kubuni. Yuko darasa la tatu. Akikutana na neno "barabara" hutazama herufi mbili za mwanzo, kisha hubahatisha na kusema "baba". Katika darasa letu la watoto 60 wanaobanana kwenye madawati, mtoto huyo ataitwa mvivu, na mwisho wa mwaka biletini yake itaandikwa kwamba ajitahidi zaidi. (Nami niliwahi kuandika maneno hayo, si mara moja.) Kwa utaratibu wa Marekani, mtoto huyo hupimwa baada ya mzazi kukubali kwa maandishi, kisha watu hukaa mezani: mzazi, mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa shule na mtu anayeweza kufafanua matokeo ya vipimo. Wanachokiandika ni mpango wa elimu wa mtoto huyo mmoja. Mpango huo husema leo yuko wapi, tuseme anasoma maneno 18 kwa dakika. Husema anatarajiwa kufika wapi baada ya mwaka, tuseme maneno 50 bila kukosea zaidi ya maneno 3. Na husema atasaidiwa namna gani, labda dakika 30 kila siku katika kikundi kidogo pamoja na mwalimu wa elimu maalumu, na kusomewa maswali kwa sauti wakati wa mtihani wa hesabu, kwa kuwa hesabu haimshindi, kinachomshinda ni kusoma swali. Mpango hupitiwa kila mwaka, na mtoto hupimwa upya walau kila baada ya miaka 3 isipokuwa mzazi na shule wakubaliane kwamba hakuna haja. Mzazi asiporidhika anaweza kushtaki. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba mpango usiolenga maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto hautoshi kisheria.

Karatasi hiyo, basi, hubeba uzito wa sheria, na kuitayarisha pamoja na kuitekeleza ni sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu wa elimu maalumu. Ndiyo maana mafunzo ya uzamili hayaishii katika huruma kwa walemavu, jambo ambalo wengi wetu hudhani ndilo sifa ya kwanza. Mwanafunzi husoma sheria ya elimu maalumu, namna ya kupima na kufasiri matokeo, namna ya kumfundisha kusoma mtoto ambaye herufi hazimkai, namna ya kuchunguza kwa nini mtoto anapiga wenzake au anatoroka darasani, vifaa vinavyosaidia kuona, kusikia na kuwasiliana, na namna ya kufanya kazi pamoja na wazazi. Kisha hupelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule halisi, chini ya macho ya mwalimu mwenye leseni na ya msimamizi kutoka chuoni.

Programu nyingi za namna hii huwa na krediti 30 hadi 40 hivi na huchukua mwaka 1 hadi miaka 2. Kwa msomaji wa Kongo kuna mtego mwingine hapa. Krediti yetu ya LMD huhesabu mzigo wote wa kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja una krediti 60. Krediti ya Marekani huhesabiwa kwa saa za darasani kwa wiki katika muhula. Anayeona krediti 36 akadhani ni nusu mwaka ya kwetu atashangaa akifika.

Uzamili wenyewe si lazima kila mahali ili kupata leseni ya kwanza, kwa maana wapo wanaosomea elimu maalumu tangu shahada ya kwanza. Hutafutwa zaidi na wale ambao shahada yao ya kwanza ilikuwa ya somo jingine, au na walimu wanaotakiwa kuupata ili waendelee. New York, kwa mfano, hutoa cheti cha mwanzo cha miaka 5, na ili kupata cha kudumu mwalimu hutakiwa awe na shahada ya uzamili. Massachusetts hutenganisha leseni ya ulemavu wa wastani na ile ya ulemavu mkubwa, na ina mitihani yake yenyewe, ilhali majimbo mengi hutumia mitihani ya Praxis. California ina leseni za pekee kwa walimu wa viziwi, wa wasioona na wa watoto wadogo. Juu ya hayo, mwombaji huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, mara nyingi kwa alama za vidole. Na kwa kuwa kila jimbo lina masharti yake, mwalimu anayehama huomba leseni upya huko aendako, ingawa yapo makubaliano kati ya majimbo yanayompunguzia safari.

Anayetoka Kongo huanza na hatua moja zaidi: shahada zake hutafsiriwa kwa Kiingereza, kisha hupelekwa kwenye taasisi inayokubalika ya kulinganisha shahada za kigeni ili ieleze zinalingana na nini kwao. Hapo ndipo tofauti ya lisansi ya miaka 5 na lisansi ya LMD inapopata maana.

Watu wa Goma wana sababu nyingine ya kulifahamu jambo hili. Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mwaka 1954, na mwaka uliofuata akapata uzamili wa elimu huko Michigan. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Ghana, na kuanzia hapo akaanzisha shule 32 katika nchi 13 za Afrika. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987 ndege yake ilipoanguka karibu na Gisenyi, Rwanda, hapa hapa ng'ambo ya mpaka.

Kongo nayo ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na mwaka 2022 ikatunga sheria yake ya kuwalinda. Kwa asiyetaka au asiyeweza kuvuka bahari, majirani wana mafunzo haya: Kenya ina taasisi ya KISE jijini Nairobi tangu mwaka 1986, Uganda ina Chuo Kikuu cha Kyambogo, na Tanzania ina chuo cha Patandi huko Arusha. Kwa maoni yangu, kijana wa Goma angeanza kupiga hesabu ya Kyambogo kabla ya ile ya Massachusetts, kwa nauli tu.

Lakini wangu alikuwa na nia ya Marekani, nami sikumvunja moyo. Tulifuta jibu la ndiyo kwenye swali la leseni tukaandika hapana. Mahali pa ngazi ya masomo tukaweka alama kwenye neno lile alilolikwepa. Na chini, palipoachwa nafasi ya maelezo, akaandika mwenyewe kwamba ana lisansi ya miaka 5 ya mfumo wa zamani, kwamba nchini mwake diploma ndiyo inayomruhusu mwalimu kufundisha, na kwamba amefundisha miaka 6, mitatu kati yake bila matrikile.