Cervantes na Shakespeare hawakufa siku moja

Kila 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, lazima umkute mtu kapost eti Cervantes, mwandishi wa Kihispania, na Shakespeare wa Uingereza walikufa siku moja mwaka 1616. Stori tamu ila si kweli. Hispania ilishahamia kalenda ya Papa Gregory tangu 1582, Waingereza bado waling'ang'ania ile ya zamani iliyokuwa nyuma siku 10, kwa hiyo 23 Aprili ya Shakespeare kule Madrid ilikuwa tayari 3 Mei. Na Cervantes mwenyewe inaonekana alifariki tarehe 22, hiyo 23 ndo siku iliyoandikwa kwenye rejista ya kanisa, siku ya kuzikwa.

Mi naona hii habari ya tarehe inatunyima utamu wenyewe. Cervantes aliumia vitani Lepanto 1571 mkono wa kushoto ukalemaa, akaja kutekwa na kukaa mateka Algiers miaka 5, halafu kwenye riwaya yake Don Quijote anajifanya hadithi si yake, eti kaandika Mwarabu, Cide Hamete Benengeli (hiyo Cide ni ile ile sayyid tunayoijua), yeye kakuta tu makaratasi ya Kiarabu sokoni Toledo akamlipa mtafsiri kwa zabibu kavu na ngano. Sancho, mtumishi wa Don Quijote humo riwayani, hata jina la huyo Mwarabu linamshinda, anamwita Berenjena, yani bilinganya.