Mgongo wa Picha Una Maneno

Mtu akiniletea picha niithamini, kwanza naigeuza. Wengi hushangaa, mmoja mmoja hununa, kwa kuwa alitarajia niitazame usoni nimwambie ni nzuri. Lakini habari nyingi ziko mgongoni: lebo ya maonyesho iliyochakaa, namba ya mnada iliyoandikwa kwa chaki, matundu ya misumari ya fremu iliyotangulia. Walaghai hughushi hata hivyo vitu, ila kughushi uso ni rahisi kuliko kughushi safari nzima ya picha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la sanaa sina hakika. Mwaka 1958 picha ya Kristo iitwayo Salvator Mundi iliuzwa mnadani London kwa pauni 45, ikidhaniwa ni nakala tu. Novemba 2017 picha hiyohiyo iliuzwa New York kwa dola milioni 450.3. (Nyundo iligonga kwenye milioni 400, kilichozidi ni ada ya mnunuzi, ambayo wageni wa minada husahau kuihesabu.) Katikati ya mauzo hayo ilisafishwa na kukarabatiwa, ni kweli. Lakini kilichopandisha bei hasa ni jina: sasa ilinadiwa kama kazi ya Leonardo da Vinci mwenyewe, na mpaka leo wataalamu wanalibishania jina hilo.

Mambo huenda kinyume pia. Mwaka 1937 jumba la makumbusho la Rotterdam, Uholanzi, lilipata picha iliyoaminika kuwa ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, kwa zaidi ya gilda 500,000, fedha ya Uholanzi ya wakati huo. Watu waliisifu mno. Mwaka 1945 mchoraji Han van Meegeren alikiri kwamba aliichora yeye. Hakuna tone la rangi lililobadilika, lakini thamani iliporomoka. Je, waliosifu uzuri wake walikuwa wakisifu nini? Swali hilo linanisumbua kuliko bei yenyewe.

Bei ya mnadani, basi, msiitukuze. Inahitaji watu wawili tu waliokataa kushindwa. Mmoja wao akiugua siku hiyo, picha inauzwa nusu bei, au hairuki kiwango cha chini alichoweka muuzaji na inarudi ghalani.

Sasa picha zimejaa tele. Mashine za akili mnemba huzitoa kwa sekunde chache. Wachapaji walikutana na tatizo la wingi zamani. Msanii huchapa nakala 50, kila moja akaiandika kwa penseli, 3/50, 4/50, kisha bamba la kuchapia hukwaruzwa lisitumike tena. Huo ni uhaba wa kutengenezwa, na sioni haya kuutetea, mradi msanii atimize ahadi. Mwaka 2021 kazi ya kidijitali ya msanii Beeple iliuzwa dola milioni 69.3 ilhali yeyote angeweza kuitazama na kuihifadhi bure. Aliyelipa hakununua picha, alinunua kumbukumbu ya umiliki ya kidijitali, iitwayo NFT. Na soko la kumbukumbu za namna hiyo lilipoa haraka.

Kwa maoni yangu, wingi huu unawaumiza zaidi wachoraji wa vitabu na matangazo, ambao kazi zao hazikuulizwa zimetoka mkononi mwa nani. Picha yenye historia inayofuatika haijaguswa kiasi hicho. Kwa hiyo msanii chipukizi namwambia: andika nyuma jina, mwaka na aina ya rangi, piga picha pande zote mbili, tunza risiti ya kila mauzo.

Na mwenye picha namwomba asimamie fundi wa fremu. Niliwahi kuletewa mchoro wa zamani uliovalishwa fremu mpya, unang'aa. Nikaugeuza: ubao mweupe, mtupu. Mwenyewe alikumbuka kulikuwa na lebo mbili, moja ina tarehe. Fundi alikuwa amezitupa pamoja na ubao wa zamani, kwa nia ya kusafisha.