Bipodi kwenye bunduki ya mbao: "Lakini fundi, ilikaza vizuri!"

Hii ni bunduki ya tatu mwezi huu kufika mezani kwangu na jeraha lilelile. Tundu limepanuka chini ya mbao ya mbele, nyuzi za mti zimechomoza, na bipodi, ile miguu miwili ya kusimamishia bunduki, imeletwa pembeni ndani ya mfuko. Mwenye bunduki ananiambia walichoniambia wale wawili wa kwanza: "Lakini fundi, ilikaza vizuri!"

Ilikaza kweli, na hapo ndipo watu wanapopotea. Wanadhani kishikio cha mkanda, kile kichuma chenye tundu chini ya mbao ya mbele, kikikaza kwa mkono, basi kitabeba bipodi. Kwenye bunduki nyingi kishikio hicho ni skrubu ya mbao tu, yenye meno ya sentimita moja au mbili. Kazi yake ni kubeba bunduki ya kilo nne inayoning'inia begani. Sasa tazama bipodi ya chapa ya Harris inavyofungwa. Inakamata tundu la kishikio, na kila unapozungusha nati yake inakivuta kishikio chini huku kitako chake kikisukuma mbao juu. Hujapiga hata risasi moja, na skrubu tayari inang'olewa taratibu.

Halafu unalala chini, unasukuma bega mbele ili miguu ijikite ardhini. Mguu wenye urefu wa sentimita 23 ni mtaimbo: ukisukumwa kidogo kule chini, nguvu inayofika kwenye skrubu ni mara kadhaa ya hiyo. Ongeza mshindo wa risasi, tena na tena. Nyuzi za mbao zinasagika ndani usikoona, na skrubu inaendelea kuonekana imekaza hadi siku inapotoka na kipande cha mti.

Dawa ni bolti na nati, ambayo baadhi ya viwanda huiweka tangu mwanzo. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, toa komeo linaloifunga, tenganisha mtutu na mbao. Zungushia mbao utepe wa karatasi mahali pa kutoboa ili midomo ya tundu isimeguke. Toboa milimita 5, wima, katikati kabisa, kutoka nje hadi kwenye mfereji ambamo mtutu hulala, na mferejini ukandamize kipande cha mti cha duara ili biti isipasue inapotokea. Kisha panua upande wa mfereji kiasi cha kuzamisha nati na washa yake chini ya sakafu ya mfereji. Bolti ikizidi, ikate na kuipiga tupa. Nati sasa inavuta unene wote wa mbao, na hakuna meno yanayong'ang'ania nyuzi.

Kabla ya kufunga, paka vanishi ndani ya tundu. Nalisisitiza hili kwa kila mteja na wengi wanalipuuza. Mbao iliyotobolewa ikaachwa wazi hunywa unyevu, na bunduki inayotoka Arusha kwenda Pwani wakati wa masika itavimba hapohapo. Ukimaliza kuunganisha, pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao. Ikikwama juu ya nati, fungua upya: nati inagusa mtutu.

Sasa nijibu maneno ninayoyasikia kwa wateja. "Tundu liwe dogo ili skrubu ing'ate." Mjozi mkavu, mti wa mbao za bunduki, ukiulazimisha hupasuka kufuata nyuzi zake, na ufa huo hauzibiki ukapotea. Hata kishikio cha nyuma, ambacho skrubu inakitosha, kinataka matundu mawili: kama milimita 4 kwa meno na 5.5 kwa shingo. Pima skrubu yako kwanza, kisha paka meno nta ya nyuki.

"Likilegea, jaza supa glu na njiti za meno." Hiyo ni tiba ya bawaba ya kabati. Tundu lililokufa linachongwa likawa safi, linazibwa kwa kijiti cha mti mgumu na epoksi, linaachwa siku nzima, ndipo linatobolewa upya kwa ajili ya bolti.

"Basi tuifunge kwenye mtutu." Wenye bunduki za chapa ya Brno za kaliba .375 huniomba hili kwa sababu kishikio chao cha mbele kiko kwenye mtutu. Kiliwekwa pale ili bunduki inaporuka nyuma kisikate mkono wa mpigaji. Ukining'iniza bipodi hapo, mtutu unabanwa na risasi inahama. Bunduki ile itumie na miti mitatu ya kuegemea, ukiwa umesimama. Mimi siifungi bipodi.

"Lazima kishikio cha pili kwa ajili ya mkanda." Harris ina mahali pake pa kupachika mkanda. Usitoboe mbao bure.

"Darubini haiguswi, kilichobadilika ni miguu tu." Mbao nyembamba ya mbele hujipinda ikibebeshwa uzito, na ikigusa mtutu risasi inaenda kwingine. Rudia ile karatasi bunduki ikiwa imesimama juu ya bipodi na bega lako likiisukuma, kwa sababu juu ya meza inaweza kupita vizuri na ukilala ikakwama. Ikikwama, mfereji unahitaji kupanuliwa kidogo kwa msasa na kupakwa vanishi tena. Ikipita, nenda uwanjani ukalenge upya kwa risasi zilezile unazowindia.