1080p iliyoandikwa kwenye boksi la king'amuzi haihusu dishi lako

Kati ya maswali ninayoletewa kuhusu ving'amuzi, hili ndilo linalorudi kila mara: “Boksi limeandikwa Full HD 1080p, mbona chaneli zangu zina picha ileile ya zamani?” Swali zuri, na aliyeuza hakudanganya. 1080p kweli inatoka, ila inatoka kwenye tundu la HDMI kwenda kwenye TV. Kinachoingia kutoka kwenye dishi ni habari nyingine kabisa, na boksi halikusema lolote juu yake.

Ndani ya king'amuzi kuna kazi tatu zinazofuatana. Tyuna inakamata mawimbi yaliyoshushwa na LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi) na kuyageuza kuwa data. Chipu inaisimbua data hiyo, ambayo imebanwa sana, iwe picha. Kisha sehemu ya kutolea inaipanga picha kwa rezolusheni (wingi wa pikseli, yaani nukta za picha) uliyoichagua kwenye menyu na kuipitisha kwenye waya. Watengenezaji wanapenda kutangaza hatua ya tatu kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote: kuikuza picha ndogo ijae kioo kikubwa si kazi ngumu kwa chipu yoyote ya siku hizi.

Tazama hesabu yenyewe. Picha ya kawaida, yaani SD, kwenye nchi zenye mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukigawanya unapata mara tano kamili. Kwa hiyo chaneli ya SD inapotolewa kwa 1080p, katika kila pikseli tano unazoziona, nne king'amuzi kimezikisia kwa kuangalia jirani zake. Kinaweza kukisia vizuri, kingo za herufi zikalainika, lakini jina la mgongoni mwa mchezaji ambalo halikusomeka kwenye SD halitasomeka hata sasa.

HD ya satelaiti kwa muda mrefu imekuwa ya aina mbili, 720p na 1080i, na hapa ndipo watu wanapotishwa na ukubwa wa namba. Kwenye p, fremu nzima inatumwa kwa mkupuo. Kwenye i, mistari inatumwa kwa zamu: kwanza wa 1, 3, 5 na kuendelea, halafu wa 2, 4, 6, na kila nusu imepigwa kwa wakati wake. 720p hutuma fremu kamili 50 kila sekunde, ambazo ni pikseli milioni 46.08. 1080i hutuma nusu-fremu 50, sawa na fremu 25, ambazo ni pikseli milioni 51.84. Pengo ni dogo kuliko majina yanavyodokeza. 1080p ya fremu 50 ingefikia milioni 103.68, na ni nadra kuikuta angani.

Watangazaji wenyewe hawakukubaliana. Huko Marekani, ABC, Fox na ESPN zilichagua 720p, CBS na NBC zikachukua 1080i. Ujerumani, ARD na ZDF zilipoanza HD ya kudumu Februari 2010, wakati wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, zilikwenda na 720p. Kwa mpira na riadha niko upande wa 720p. Nusu-fremu mbili za 1080i zinapounganishwa wakati mpira umeshasogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, kingo zake hutoka kama meno ya kitana, na kifaa lazima kifanye hesabu nzito ili kuyaficha. Filamu hazina shida hiyo. Filamu inayorushwa kwa fremu 25 inakatwa nusu mbili kutoka fremu ileile moja, na zikirudishwa pamoja unapata 1080p halisi ingawa chaneli imeandikwa 1080i. Na usishangae ukibonyeza kitufe cha taarifa ukaona 1440 kwa 1080. Baadhi ya chaneli hupunguza upana ili kuokoa nafasi, halafu king'amuzi kinaivuta picha irudi 16:9. Nayo inahesabiwa HD.

Sasa tuje kwenye tyuna na chipu, kwa kuwa huko ndiko ving'amuzi vingi vya zamani vinakokwama. Fremu 25 za 1920 kwa 1080, bila kubanwa, kwa biti 12 kila pikseli, ni megabiti 622 kwa sekunde. Transponda (njia moja ya satelaiti inayobeba chaneli kadhaa) ya DVB-S, mfumo wa zamani wa kurusha, yenye kasi ya 27500 na FEC ya 3/4 (robo ya data ni ya kurekebisha makosa) hubeba megabiti 38 hivi. Euro1080 ilipoanza kurusha HD barani Ulaya, Januari 1, 2004, kwa tamasha la Mwaka Mpya kutoka Vienna, ilitumia MPEG-2, mbinu ya zamani ya kubana picha, ambayo kwa HD nzuri hula megabiti 15 hadi 20. Chaneli mbili tu na transponda imejaa. Kwa bei ya kukodi satelaiti, biashara hiyo haiendi mbali.

Vitu viwili vikaokoa jahazi. H.264, mbinu mpya ya kubana picha iliyopitishwa 2003 na ambayo wengi wanaiita MPEG-4, ilitoa picha ileile kwa karibu nusu ya data. DVB-S2, mfumo mpya wa kurusha uliochapishwa na ETSI, taasisi ya viwango ya Ulaya, mwaka 2005, ikaongeza takriban asilimia 30 ya uwezo kwenye nafasi ileile ya masafa. Transponda hiyohiyo ya 27500 ikirushwa kwa 8PSK (biti tatu kwa kila alama, badala ya mbili za QPSK ya zamani) na FEC ya 2/3 hubeba megabiti 54 hivi, na ndani yake zinaingia chaneli tano au sita za HD zenye heshima. Ndiyo maana HD ya satelaiti karibu kila mahali ilikuja na vyote viwili kwa pamoja. Kwenye karatasi ya maelezo, basi, tafuta DVB-S2 na H.264 kabla hujaitazama 1080p.

8PSK ina gharama yake, na gharama hiyo huonekana mvua ikinyesha. Kwenye DVB-S2, QPSK ya 3/4 inahitaji kama desibeli 4 za mawimbi juu ya kelele. 8PSK ya 2/3 inahitaji kama 6.6. Dishi lililoelekezwa “inatosha tu” litashika SD bila neno, halafu HD zinaanza kuganda na kukatika kila wingu zito likipita. Mtu analaumu king'amuzi, kumbe dishi linadai kusogezwa milimita chache.

Kuna mpaka mwingine ambao haujadiliwi sana. H.264 ina viwango vya uwezo, na chipu nyingi za HD zilitengenezwa kuishia kiwango cha 4.1. Hicho kinaruhusu vipande 245,760 vya pikseli 16 kwa 16 kila sekunde. Fremu moja ya 1080 ina vipande 8,160, kwa hiyo chipu inaishiwa pumzi kwenye fremu 30. Ili kusimbua 1080p ya fremu 50 inayotoka angani unahitaji kiwango cha 4.2. Na hapo ndipo boksi linaposema “1080p” bila kusema uongo huku king'amuzi kikishindwa kuonyesha chaneli ya 1080p: kinaitoa, hakiipokei. Wanaopenda kuwinda matangazo ya moja kwa moja ya waandishi wa habari, yale yanayorushwa kwa ajili ya vituo na si kwa watazamaji, hukutana na kizuizi kingine tena. Mengi yana rangi za 4:2:2, zenye taarifa nyingi zaidi za rangi, na ving'amuzi vya nyumbani vinajua 4:2:0 tu. Sauti inakuja, kioo kinabaki cheusi, na hakuna mpangilio kwenye menyu utakaokusaidia.

Dalili zinakuambia tatizo liko wapi. Kipimo cha nguvu kiko juu na cha ubora kiko sifuri, wakati SD za satelaiti ileile zinashika vizuri: mara nyingi tyuna haijui DVB-S2 au umeingiza vigezo visivyo sahihi vya transponda. Ubora uko juu, sauti ipo, picha haipo: ni chipu ya kusimbua. Menyu ya king'amuzi yenyewe haionekani kwenye TV: acha dishi kabisa, tatizo liko kwenye HDMI. Umechagua rezolusheni ambayo TV yako haiiwezi, na kwa kuwa menyu huioni huwezi kuibadilisha. Rimoti nyingi zina kitufe cha kuzungusha rezolusheni. Kibonyeze taratibu, ukisubiri sekunde chache kila mara, hadi picha irudi. Chenga za rangi au picha inayopotea na kurudi ni waya mbovu, au ni HDCP, ile kinga ya kunakili, ambayo vifaa viwili vimeshindwa kukubaliana. Halafu kuna wanaounganisha kwa waya wa njano. Ule haubebi HD hata kidogo, king'amuzi kiwe cha aina gani.

Kuhusu mpangilio, ushauri wangu si ule wa kuchagua namba kubwa kuliko zote. Kama king'amuzi kina chaguo la kutoa picha kwa rezolusheni ya asili ya chaneli, chagua hilo na uiachie TV kazi ya kuunganisha nusu-fremu na kukuza. Chipu ya TV nzuri huifanya vyema kuliko ya king'amuzi cha bei ya chini. Ubaya wake ni giza la sekunde moja au mbili kila unapohamia chaneli ya aina nyingine. Likikuudhi, weka 1080i kama unatazama zaidi chaneli za 1080i, au 720p kama nyingi ni za 720p. Weka masafa ya picha ya 50 kwa sekunde kama chaneli zako ni za 50. Kutoa 60 kwa matangazo ya 50 kunaleta mtikisiko mdogo kwenye maandishi yanayopita chini ya kioo.

Kabla hujanunua king'amuzi cha 4K, pita hatua zilezile tatu. Pikseli ni 3840 kwa 2160, na boksi linaweza kuandika 4K huku kinachofanyika ni kukuza tu. Unataka H.265, mrithi wa H.264 iliyotoka 2013, na iwe na uwezo wa biti 10 kwa kila rangi, kwa sababu matangazo ya 4K ya satelaiti kwa kawaida hutumia biti 10 na chipu ya biti 8 haitayafungua. Unataka HDMI 2.0 kwa fremu 50 au 60, kwani 1.4 inaishia 30 kwa rangi kamili, na HDCP 2.2 pande zote mbili. Ikiwa katikati umeweka redio ya sauti inayopitisha HDMI, nayo lazima iwe na HDCP 2.2, la sivyo picha huishia hapo hata kama king'amuzi na TV ni vipya.