Nadra huhesabu mara

Juzi tulikuwa ndani ya taksi ya kwenda Busia, tumekwama Mukono na saa kumi imeshapita, abiria mmoja akamwuliza konda kama tutafika kabla ya giza. "Mzee, leo ni nadra kufika mapema." Wiki hiyo ilikuwa mara ya tatu kulisikia neno hilo likibebeshwa mzigo usio wake.

Nadra ni tukio la mara chache. Kitu kisichopatikana ovyo ni adimu: theluji Uganda ni adimu, iko kule juu Rwenzori tu. Theluji hiyohiyo kuanguka soko la Owino, Kampala, hapo ni muhali.

Nadra ni la Kiarabu, mzizi wake n-d-r, ndiyo maana wengine husema pia nadiri. Halina undugu wowote na nadhiri, ile ahadi anayowekewa Mungu. Sisi wenye Luganda isiyo na dh huipachika hiyo dh hata kwenye nadra, isipoitwa, tuonekane tumetoka Unguja jana. Muhali nalo lina ukoo mkubwa: hali, hila na hawala ni ndugu zake, wote wa mzizi wenye maana ya kugeuka. Muhali ni jambo lililopotoka njia yake hata haliwezi kuwa. Pwani likalainika, mtu akawa anaona muhali kumnyima jirani chumvi: uwezo anao, uso ndio hana.

Sasa kero yangu. Nadra huhesabu mara. Bila mara nyingi, huo uchache utauonea wapi? Konda anayeishi kwenye barabara hiyo ana haki ya kusema, "Ukitoka Kampala saa tisa, ni nadra kuikuta Busia na mwanga." Lakini safari ya leo ni moja tu, nayo haiwezi kuwa chache. Ya leo ina neno lake, haielekei. Limetoka kwenye kuelekea, kukabili upande fulani. Mambo yenyewe hayajageuza uso huko.

Tulipokaribia Busia, saa tatu usiku, konda alianza kukusanya nauli. Nikamwambia taratibu, "Ssebo, pale Mukono ungesema leo haielekei kufika mapema." Akalirudia neno mara mbili, akaitazama noti yangu ya elfu hamsini.

"Chenji ya hii, mzee, haielekei."